Kupanga jiometri ya mbele ya gari la kujiundia: kutoka chasisi tupu hadi too ya mwisho

Mwaka 1957 Colin Chapman alianza kuuza Lotus Seven nchini Uingereza, gari dogo jepesi ambalo mteja angeweza kupelekewa vipande akalifunga mwenyewe nyumbani na kukwepa kodi ya manunuzi iliyotozwa magari yaliyokamilika. Kampuni ya Caterham ilichukua haki za gari hilo mwaka 1973, na tangu hapo maelfu ya watu wamejiundia magari ya umbo lile lile kwa mabomba ya mraba na vipuri vya magari chakavu. La kwangu la kwanza lilikuwa na nako za Ford Cortina na raki ya Ford Escort. (Nako ni kile chuma kinachobeba habu, kimeshikwa juu na chini na bolijointi, yaani jointi ya tufe la chuma inayogeuka pande zote. Habu ni kitovu kinachofungwa tairi, na raki ni chuma chenye meno kinachosogezwa kushoto na kulia na usukani.)

Gari lile liliwaka siku ya kwanza, na lilikuwa zuri kulitazama. Barabarani lilinitia hofu. Tairi la kushoto likipanda tuta dogo, gari linachepuka kulia, na usukani sijaugusa. Nilibadilisha tairi. Nikabadilisha shokapu. Nikafungua raki nikidhani imelegea. Miezi minne ilipita kabla sijagundua kwamba raki nilikuwa nimeichomelea chini mno, kwa milimita 6 tu. Ningepima mapema, chasisi ikiwa bado tupu, ingekuwa kazi ya mchana mmoja.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza kabla ya injini. Watu wengi huliunda gari zima, kisha hulipeleka kupigwa alaimenti wakiamini mashine itamaliza kila kitu. Mashine ya alaimenti inasoma gari likiwa limesimama. Haioni tairi linafanya nini likipanda na kushuka, na kwenye gari la kilo 550 hapo ndipo penye hatari.

Maneno manne tuelewane kwanza

Kemba ni tairi kulala ndani au nje ukilitazama kutoka mbele. Juu ya tairi ikiinamia ndani kuelekea injini, hiyo ni kemba hasi.

Kasta ni mlalo wa mstari unaopita bolijointi ya juu na ya chini, ukiutazama kutoka ubavuni. Bolijointi ya juu ikiwa nyuma ya ile ya chini, kasta ni chanya, na hiyo ndiyo inayorudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona.

Too ni mwelekeo wa tairi mbili ukizitazama kutoka juu. Mafundi husema tairi "zimefunga" zikikaribiana mbele, na "zimefungua" zikiachana.

Bampustia ni too kubadilika yenyewe tairi linapopanda au kushuka, bila dereva kugeuza chochote. Huo ndio ugonjwa uliokuwa kwenye gari langu.

Sakafu kwanza

Hakuna kipimo utakachokiamini juu ya sakafu isiyo sawa. Sakafu nyingi za gereji zimelazwa makusudi ili maji yatoke. Ukiwa na tofauti ya milimita 14 kati ya tairi la kushoto na la kulia kwenye gari lenye upana wa milimita 1,300, umeshapata kosa la zaidi ya nusu digrii kabla hujashika spana.

Tumia mpira wa maji. Fundi mwashi yeyote kwetu anaujua: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, unajaza maji, unatoa mapovu yote, unashika ncha moja hapa na nyingine kule, na maji yanasimama usawa mmoja. Kwa kazi hii ni sahihi kushinda pima maji ndefu, na bei yake ni ya mita chache za mpira. Weka alama sehemu nne ambapo tairi zitasimama, kisha inua zile za chini kwa vipande vya vigae vya plastiki hadi zote nne zilingane ndani ya milimita 1. Vigandishe hapo hapo au chora mipaka yake kwa rangi, kwa sababu utarudi mara nyingi.

Chasisi ikae juu ya stendi, sawa kushoto na kulia. Dondosha timazi kutoka kwenye boliti za mikono ya chini (mikono ni vyuma vinavyounganisha chasisi na nako, juu na chini), mbele na nyuma, pande zote mbili, uweke nukta sakafuni. Tafuta katikati ya kila jozi na uunganishe kwa uzi wa chaki. Huo ndio mstari wa kati wa gari lako, na kuanzia sasa kila kitu kinapimwa kutoka hapo. Usitegemee bodi wala pua ya gari. Fiberi huwa haikai sawa.

Pima pia mishalo miwili ya boliti za mikono, kona kwa kona. Ikizidiana zaidi ya milimita 3, chasisi imepinda au breketi moja imechomelewa vibaya, na hilo halirekebishwi kwa nati. Kata, chomelea upya.

Kutafuta bampustia chasisi ikiwa tupu

Hapa nitakaa kidogo.

Funga mikono ya juu na ya chini, nako, raki na tairodi (fimbo inayounganisha raki na nako), lakini usifunge springi wala shokapu. Habu iwe huru kupanda na kushuka kwa jeki. Tafuta katikati ya raki kwa kuhesabu mizunguko kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kurudi nusu yake, kisha ibane kwa klempu isisogee hata kidogo. Ukiisahau klempu, utakachokuwa unapima ni ulegevu wa raki.

Juu ya habu, badala ya tairi, funga bapa la chuma au alumini lililonyooka lenye urefu wa milimita 600, limelala kutoka mbele kwenda nyuma, nusu upande huu na nusu upande ule. Kando yake simamisha ubao mnene uliowekwa wima kwa timazi na sambamba na mstari wa kati. Sasa una sehemu mbili za kupimia, ncha ya mbele ya bapa hadi ubaoni na ncha ya nyuma hadi ubaoni. Kalipa ya kawaida inatosha.

Inua habu hadi kimo ambacho gari litasimama barabarani. Kwenye magari mengi ya aina hii, mkono wa chini hapo unakuwa umelala sawa au ncha yake ya nje imeshuka kidogo. Soma namba mbili, toa moja kwenye nyingine, andika. Hiyo ndiyo sifuri yako. Kisha panda milimita 10, soma. Panda tena hadi milimita 50. Rudi sifuri, shuka hivyo hivyo hadi 50. Habu nzima itasogea kando kidogo inapopanda, usijali, kwa kuwa unatoa namba moja kwenye nyingine msogeo huo unajifuta wenyewe. Tofauti ya milimita 1 kwenye bapa la 600 ni karibu dakika 6, na digrii moja ina dakika 60.

Chora jibu kwenye karatasi ya miraba, kimo wima na too mlalo. Umbo la mchoro ndilo linalosema kosa liko wapi. Maelezo yafuatayo ni ya raki iliyo mbele ya ekseli, kama ilivyo kwenye Cortina na Escort. Raki ikiwa nyuma ya ekseli, geuza kila "kufunga" kuwa "kufungua".

Ukipata mstari ulionyooka lakini umelala, yaani tairi linafunga likipanda na linafungua likishuka, ncha ya nje ya tairodi iko juu mno ukilinganisha na ya ndani. Pandisha raki, au shusha ncha ya nje kwa spesa kwenye mkono wa nako, yaani kile chuma kinachotokeza kwenye nako na kufungwa tairodi. Mlalo ukiwa wa kinyume, tairi linafungua likipanda, fanya kinyume chake.

Ukipata upinde, tairi linafunga likipanda na linafunga tena likishuka, kimo cha raki hakina kosa. Tairodi ni fupi mno, inazunguka kwenye duara dogo kuliko mikono yenyewe. Dawa ni raki nyembamba zaidi kati ya jointi zake za ndani, ili tairodi irefuke. Upinde wa upande wa pili, wa kufungua juu na chini, unasema tairodi ni ndefu mno. Kurefusha tairodi kwa uzi wake pekee hakusaidii, kwa sababu hapo unabadilisha too tu. Kinachotakiwa kuhama ni jointi ya ndani.

Kama una vyote viwili, upinde na mlalo, shughulikia upinde kwanza.

Nikupe hesabu ya gari langu uone jinsi milimita chache zinavyouma. Tairodi yangu ilikuwa na urefu wa milimita 330 na mkono wa nako milimita 110. Raki ikiwa chini kwa milimita 6, tairi likipanda milimita 30, ncha ya nje inavutwa ndani kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Kiasi hicho kwenye mkono wa milimita 110 ni dakika 17. Kwenye bapa langu ilionekana kama milimita 3. Mtu anaweza kuiona namba hiyo ndogo. Lakini too yote ninayoipanga kwenye gari lile, tairi mbili kwa pamoja, ni dakika 10.

Lenga mabadiliko yasiyozidi milimita 1 kwenye bapa la 600 tairi likicheza milimita 30 juu na chini. Kati ya 30 na 50 unaweza kuvumilia zaidi kidogo. Pima pande zote mbili, usidhani kulia ni sawa na kushoto kwa sababu ulitumia jigi (kiolezo cha kuchomelea) moja. Ukiridhika, ndipo uchomelee vishikio vya raki moja kwa moja. Kabla ya hapo vishike kwa nukta mbili za weldi tu, au kwa breketi yenye matundu marefu.

Bapa likiwa bado lipo, weka kipima pembe cha dijiti juu ya habu na usome kemba kwenye vimo vile vile. Mkono wa juu ukiwa mfupi kuliko wa chini, kemba inapaswa kuongezeka upande wa hasi tairi linapopanda. Ikienda upande wa chanya, simama. Breketi za mkono wa juu ziko mahali pasipofaa, na tairi la nje litasimama kwa ukingo wake kwenye kila kona.

Gari likiwa limekamilika

Injini iko ndani, springi zimefungwa, maji na mafuta yamejaa. Sasa panga kwa utaratibu huu, usiruke hatua, kwa sababu kila moja inaharibu ile inayofuata.

Upepo wa tairi. Gari jepesi hivi halihitaji upepo wa gari la nyumbani. Mimi hutumia psi 18 hadi 20, sawa kushoto na kulia.

Uzito wa dereva. Weka mifuko ya mchanga kwenye kiti, sawa na kilo zako. Kwenye gari la kilo 1,500 dereva haonekani sana. Hapa ni zaidi ya sehemu ya kumi ya gari zima, na anakaa upande mmoja. Tangi liwe nusu.

Kimo. Pima kutoka sakafuni hadi bomba la chini la chasisi, mbele na nyuma. Napenda mbele iwe chini kuliko nyuma kwa milimita 10 hadi 15. Kumbuka kwamba shokapu haikai kwenye ncha ya mkono. Ikiwa imefungwa kwenye asilimia 70 ya urefu wa mkono, ukiinua kiti cha springi milimita 5, tairi linapata kama milimita 7. Baada ya kila mabadiliko, ubonyeze gari mbele na nyuma mara kadhaa, ulisukume mita moja na kulirudisha, ndipo upime. Tairi iliyotoka kushushwa kwenye jeki hung'ang'ania sakafu na kukudanganya.

Bushi. Ikiwa una bushi za raba iliyogandamana na chuma, legeza boliti zote za mikono na uzikaze sasa, gari likiwa kwenye kimo chake. Ukizikaza mikono ikiwa inaning'inia, raba inabaki imejisokota muda wote. Gari litakaa juu kuliko unavyotaka na raba itachanika mapema. Bushi za poliurethani huzunguka zenyewe, hazina shida hiyo.

Kasta. Chini ya kila tairi la mbele weka mabati mawili yenye grisi katikati, tairi ligeuke bila kujikwaruza. Chora pembe za digrii 20 kwenye kadibodi. Geuza tairi la kushoto digrii 20 kuelekea nje na usome kemba. Geuza digrii 20 kuelekea ndani, usome tena. Zidisha tofauti kwa 1.5. Mfano: nje umepata chanya 1, ndani hasi 3. Tofauti ni 4, kasta ni digrii 6.

Kwa Seven yenye usukani usio na pawa, digrii 5 hadi 6 zinafaa. Gari la vipuri vya Cortina ni jepesi sana mbele kuliko Cortina yenyewe, kwa hiyo kasta ya kiwandani haitoshi kurudisha usukani. Uingereza hili lina uzito wa pekee, kwani kwenye IVA, ukaguzi wa gari moja moja kabla ya kusajiliwa uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa SVA mwaka 2009, mkaguzi anaangalia kama usukani una tabia ya kujirudisha katikati. Kuongeza kasta, hamisha washa kwenye boliti za mkono wa juu: toa nyuma, weka mbele, ili mkono urudi nyuma. Bolijointi zikiwa zimeachana milimita 230, kila milimita 4 ni digrii moja. Kushoto na kulia zisipishane zaidi ya nusu digrii, la sivyo gari litavutwa upande wenye kasta ndogo.

Kemba. Huhitaji mashine. Ning'iniza timazi mbele ya tairi, pima kutoka uzini hadi ukingo wa ringi juu na chini. Kwenye ringi ya inchi 13 nafasi kati ya kingo hizo ni karibu milimita 360, na tofauti ya milimita 6 ni karibu digrii moja. Kwa barabara lenga hasi 1 hadi hasi 1.5. Rekebisha kwa kuzungusha bolijointi ya juu ndani ya mkono wake. Uzi wa boliti ya M16 (unene wa milimita 16) wenye hatua ya milimita 1.5 unakupa kama dakika 22 kwa mzunguko mzima.

Hapa kuna jambo la uhai. Uzi unaobaki ndani ya mkono usipungue mara moja na nusu ya unene wa boliti. Kwa M16 hiyo ni milimita 24. Weka alama ya rangi kwenye uzi kabla ya kufunga ili ujue umebakiza kiasi gani ndani. Ukiona kemba unayoitaka inadai uzi zaidi ya hapo, mkono wenyewe ni mfupi, tengeneza mwingine. Usiendeshe.

Uzito wa kona, yaani uzito unaobebwa na kila tairi. Legeza stabilaiza (fimbo inayounganisha mikono ya kushoto na kulia ili gari lisilale kwenye kona) kama ipo. Ukipata mizani nne, jumla ya mbele kushoto na nyuma kulia ilingane na jumla ya mshalo wa pili. Marekebisho yanafanyika kwa viti vya springi, zamu kidogo kidogo, pande mbili za mshalo kwa pamoja ili kimo kisiharibike. Ukibadilisha sana hapa, rudi ukasome kemba upya.

Too huja mwisho kabisa, kwa sababu kila ulichokigusa hapo juu kimeihamisha. Usukani uwe umenyooka, raki iwe katikati, uzi wa tairodi uonekane sawa pande zote. Nyoosha nyuzi mbili kando ya gari, kwenye kimo cha katikati ya tairi, sambamba na mstari wa kati uliouchora mwanzoni. Pima kutoka uzini hadi ukingo wa ringi mbele na nyuma. Milimita 1 kwenye ringi hiyo ni karibu dakika 10. Mimi hupanga kila tairi lifunge nusu milimita, jumla karibu dakika 10, kwa sababu gari linasukumwa kwa nyuma na barabara inazivuta tairi za mbele zifunguke kidogo zikiwa mwendoni. Wenye rozijointi (jointi za chuma zisizo na ulegevu) badala ya raba wanaweza kupanga sifuri. Wa mashindano hufungua kidogo ili gari liingie kona haraka, lakini kwenye barabara kuu utachoka kulishikilia.

Kaza nati za kufungia tairodi huku umeishika kwa spana ya pili, isizunguke. Kisha pima tena. Karibu kila mara imehama.

Barabarani

Tafuta barabara tulivu yenye tuta dogo upande mmoja. Anza kwa kilomita 30 kwa saa, mikono ishike usukani kwa ulegevu bila kuuachia. Panda tuta kwa tairi moja. Gari linapaswa kutikisika bila kuchepuka. Likivutwa upande mmoja kwenye lami iliyonyooka, badilisha tairi za mbele kushoto kwa kulia kabla ya kugusa chochote. Mvuto ukihama, ni tairi. Usipohama, soma kasta upya.

Baada ya kilomita 200 hivi springi zinakuwa zimekaa na gari limeshuka milimita chache mbele. Rudi kwenye vigae vyako vinne, upime kimo, kemba, kisha too. Mara yangu ya mwisho gari lilikuwa limeshuka milimita 4 na too imehama kwa nusu milimita upande wa kulia. Nililegeza nati moja, nikazungusha tairodi kidogo, nikakaza.